Maswali ya Wasomaji: Anayeonewa, Anayeonea na Wanaotazama

Barua nyingi za toleo hili zinahusu uonevu na uchokozi wa watoto na vijana. Tumechagua saba. Majibu yanategemea yale ambayo wanasaikolojia wameyapima, si yale ambayo kila mtu huyasema.

SWALI: Utani au uonevu?

Mwanangu wa kiume ana miaka 10. Kila wiki anarudi na daftari limechanwa au kifungo kimeng'oka. Mwalimu wake anasema ni utani wa watoto, tena eti mwanangu ana machozi ya karibu. Nitajuaje ukweli? — Mama

JIBU: Mama, utani una zamu. Leo nakutania, kesho unanitania, na ukinuna naacha. Mzaha usio na zamu, ambao anayefanyiwa akilia ndipo unapokolea, una jina jingine. Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Bergen, Norway, alianza kuuchunguza uonevu kwa utaratibu miaka ya 1970, na vigezo vyake vitatu vinatumika hadi leo: kitendo kinakusudiwa kuumiza, kinarudiwa, na nguvu za wahusika hazilingani. Nguvu hapa si misuli peke yake. Ni wingi wa wafuasi, umaarufu, ulimi mwepesi, au kuijua siri ya mwenzako. Wawili wenye nguvu sawa wakipigana, huo ni ugomvi. Unaweza kuwa mbaya, lakini dawa yake ni nyingine.

Katika dodoso la Olweus, mtoto huhesabiwa kuwa anaonewa yakimpata mara 2 au 3 kwa mwezi au zaidi. Kila wiki unayoitaja imeshavuka mpaka huo.

Usimwulize "Unaonewa?" Wengi hukana kwa aibu, au kwa kuogopa utakwenda shuleni na kuwasha moto. Uliza kuhusu mahali na vitendo: wakati wa mapumziko ulikaa na nani? Kwenye foleni nani alikuwa nyuma yako? Sehemu gani ya shule hupendi kupita? Kisha andika kwa siku 10 za shule: tarehe, saa, mahali, nani alifanya nini, nani alikuwa akitazama, na mtu mzima gani alikuwa karibu. Safu ya waliotazama usiiache tupu, maana ndiyo itakayomsaidia mwalimu kuliko zote. Peleka nakala shuleni, na usiondoke kwenye kikao bila kujua nani atafanya nini na mtakutana tena tarehe ipi. Wiki 2 zinatosha.

Usiwafuate wazazi wa yule mtoto mwingine nyumbani kwao. Kila mzazi hutetea damu yake, na ugomvi wa wakubwa utarudi darasani kesho yake. Wala usimwambie "Nawe mpige". Asiye na nguvu akirudisha, mara nyingi hushindwa mbele ya watu, au huadhibiwa yeye kwa sababu pigo lake ndilo lililoonekana. Zaidi ya hayo, wanaoonewa ambao nao huonea wengine ndio walio katika hali mbaya kuliko wote. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa na William Copeland na wenzake mwaka 2013, watoto 1,420 walifuatiliwa tangu wakiwa na miaka 9 hadi 16, kisha wakachunguzwa tena utu uzimani. Kundi hilo la pande zote mbili ndilo lililolemewa zaidi na sonona na mashambulio ya hofu ya ghafla, na kwa wanaume, mawazo ya kujiua.

Kuhusu machozi ya karibu: maneno hayo mtoto asiyasikie tena. Sandra Graham na Jaana Juvonen walionyesha mwaka 1998 kwamba mwanafunzi anayeonewa akiamini sababu ni jinsi alivyo yeye mwenyewe, upweke na wasiwasi wake huwa mkubwa zaidi. Mwambie waziwazi, tena zaidi ya mara moja, kwamba kosa ni la anayefanya. Na akisema kwamba hataki kuishi, au akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtoto wazo ambalo hakuwa nalo; humfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

SWALI: Niliwapatanisha, mambo yakaharibika

Msichana mmoja darasani kwangu alikuwa akitengwa na kusengenywa na kundi la mwenzake. Niliwaketisha wote wawili mbele yangu wakaombana radhi. Wiki iliyofuata yule aliyetengwa akaacha kuja shule. Nilikosea wapi? — Mwalimu wa darasa

JIBU: Mwalimu, nia yako ilikuwa njema, ila ulitumia dawa ya ugomvi kutibu uonevu. Usuluhishi huchukulia kwamba kila upande una dai lake na uwezo wa kulitetea. Hapa mmoja alikuwa na kundi zima linalomngoja nje ya mlango. Mwingine hakuwa na mtu. Alipoomba radhi, darasa lilielewa kwamba amekiri kosa. Na kwa kuwaita pamoja, ulimtangaza kuwa ndiye aliyeshtaki.

Kutenga na kusengenya hakujaanza kuchunguzwa juzi. Kaj Björkqvist na Kirsti Lagerspetz huko Finland, kisha Nicki Crick na Jennifer Grotpeter huko Marekani mwaka 1995, walieleza jinsi urafiki wenyewe unavyogeuzwa silaha. Wengi huona ni mambo ya wasichana. Uchambuzi wa tafiti nyingi alioufanya Noel Card na wenzake mwaka 2008 ulikuta wavulana wanazidi kwa kupiga na kutukana ana kwa ana, lakini katika uchokozi wa chinichini tofauti ni ndogo mno. Kwa hiyo wachunguze na wavulana wako.

Sasa utaratibu. Ule uliojaribiwa vizuri zaidi unatoka Finland, ambako Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku waliunda mpango uitwao KiVa. Ulianza kupimwa mwaka 2007 katika shule zilizogawanywa kwa kura, na kuanzia 2009 ukasambazwa nchini humo.

Anza na aliyeonewa, peke yake, mahali ambapo wenzake hawamwoni akiingia. Pata vitendo, si hukumu: walifanya nini, lini, nani alikuwepo. Mweleze utakachofanya kabla ya kukifanya. Kisha waite waliohusika mmoja baada ya mwingine, siku ileile, bila kuwapa nafasi ya kukutana katikati na kupanga maneno. Mazungumzo yawe mafupi. Swali la "Kwa nini unamwonea?" liache, kwa sababu huzaa ukanushaji na hadithi ndefu kuhusu makosa ya mwenzake. Sema unachokijua, sema kwamba lazima kikome, kisha uliza: "Wewe utafanya nini kuanzia kesho?" Andika jibu lake kwa maneno yake. Ukishamaliza na wote, wakutanishe kwa muda mfupi, kila mmoja arudie ahadi yake mbele ya wenzake. Hatua hii ndiyo inayovunja lile kundi: hakuna tena anayeweza kudai kwamba yeye hakukubali chochote.

Wapo wanaopendelea njia laini, ya kumweleza mtoto kwamba mwenzake anateseka na kumwomba msaada bila kumshutumu. Wafini walizilinganisha njia hizo mbili na hawakuona tofauti kubwa kwa jumla. Chagua moja, uifuate mpaka mwisho. Kuzichanganya humpa mtoto mwanya wa kujadiliana nawe.

Hatua inayorukwa sana ni ya watoto wengine. Chagua wanafunzi 2 hadi 4 wenye moyo mzuri na wenye hadhi darasani, uwaombe wamsaidie yule msichana kwa mambo madogo yanayoonekana: kukaa naye, kutembea naye, kumpigia kura awe kwenye timu yao. Kuwa na hadhi ni sharti. Ukimchagua mtoto ambaye naye anadharauliwa, utakuwa umeongeza mlengwa wa pili.

Baada ya wiki 1 au 2, kutana tena na kila upande, ukianza na aliyeonewa. Usikubali "Sasa ni sawa, mwalimu". Rudi kwenye orodha yako ya vitendo, kimojakimoja: je, hiki bado kinatokea? Kesi nyingi hufungwa mapema, uonevu ukabadilisha sura tu, kutoka matusi ya wazi hadi kumkatia mtu maongezi kila akikaribia.

SWALI: Mwanangu ndiye mwonevu

Shule imeniita mara mbili. Mtoto wangu wa miaka 12 huwanyang'anya na kuwadhalilisha watoto wadogo kuliko yeye. Mama yake anasema hajiamini ndani, apewe moyo. Mimi naona nimchape akome. Nani yuko sahihi? — Baba

JIBU: Baba, kuja na swali hili ni jambo kubwa, wazazi wengi hukana. Lakini kiboko tunakuomba ukiweke chini. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya mwaka 2016 tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000 kuhusu kupigwa na wazazi, na kupigwa kuliambatana na uchokozi zaidi, si mchache. Tangu 1961, Albert Bandura alipowaonyesha watoto wadogo wa Stanford mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupuliza, inajulikana kwamba mtoto huiga hata aina ya pigo na maneno yanayoambatana nalo. Mwanao tayari anaamini kwamba mkubwa ana haki juu ya mdogo. Kiboko kitamthibitishia.

Kuhusu kutojiamini, wapo watoto wa namna hiyo, lakini kama kanuni ya jumla ushahidi hauiungi mkono. Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti mwaka 1996 wakaona ukatili hutoka zaidi kwa mtu anayejiona mkubwa kisha akaguswa pale ukubwa wake unapotiliwa shaka. Jon Sutton, Peter Smith na John Swettenham mwaka 1999 walipima watoto wa miaka 7 hadi 10 uwezo wa kusoma mawazo na hisia za wengine. Vinara wa uonevu walifanya vizuri kuliko wapambe wao na kuliko waliowaonea. Wanajua vizuri sana mwenzao anaumia wapi. Kumsifia mtoto wa namna hiyo ili apate moyo ni kumwongezea kuni.

Kwa hiyo kwanza jua uchokozi wake ni wa moto au wa baridi. Wataalamu wamezitenganisha aina hizi tangu miaka ya 1980, Kenneth Dodge akiwa mbele.

Wa moto hulipuka. Mtoto amegongwa na mpira mgongoni, papo hapo ameamua kwamba ni kusudi. Dodge alionyesha mwaka 1980 kwamba wavulana wachokozi, pale ambapo nia ya mwenzao haieleweki, huidhania kuwa mbaya. Dawa ni mazoezi, dakika 10 kila siku mkiwa mmetulia wote: mpe tukio, ataje sababu 3 zinazowezekana kabla ya kuamua, kisha aigize atakachosema. Ukijaribu kumfundisha akiwa amefura, hutaambulia kitu.

Wa baridi hapandwi na hasira. Anapata faida: vitu, hofu ya wenzake, kicheko cha wapambe. Kwa maelezo yako, mwanao yuko huku. Kata faida. Alichonyang'anya kirudishwe na yeye mwenyewe, mbele yako. Adhabu iwe ndogo, ya siku hiyohiyo, na isiyokosekana: kunyimwa kitu anachokipenda kwa siku 1, si kwa mwezi, maana mwezi hutauweza na yeye anajua. Gerald Patterson, aliyezichunguza familia nyingi huko Oregon, alieleza mtego unaozinasa: mzazi anaagiza, mtoto anapandisha sauti, mzazi anapandisha zaidi, mtoto analipuka, mzazi anachoka na kuacha. Mtoto amejifunza kwamba kulipuka kunalipa. Ndiyo maana agizo liwe moja, kwa sauti ya kawaida, na ulifuatilie hata kama ulikuwa na kazi nyingine. Ongezea usimamizi: yuko wapi, na nani, atarudi saa ngapi.

Ukishauriwa umpeleke kwenye kambi au kundi la vijana wakorofi ili warekebishwe pamoja, kataa. Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walionyesha mwaka 1999 kwamba makundi kama hayo yanaweza kuwaongezea vijana utukutu, kwa sababu kila anayesimulia kosa lake hulipwa kwa kicheko.

SWALI: Naona, nanyamaza

Nina miaka 14. Kuna mwenzetu anazomewa kila siku. Sicheki, lakini nasimama pale na wengine. Nikisema kitu nitageukiwa mimi. — Msichana

JIBU: Binti yetu, hofu yako ina msingi, na hatutaki ujitupe mbele ya kundi peke yako. Ila jua uzito wa kusimama pale. Debra Pepler na Wendy Craig waliwarekodi watoto wa Toronto viwanjani kwa kamera na vipaza sauti vidogo. Katika uchunguzi mmoja, watazamaji walitumia asilimia 54 ya muda wao wakitazama tu, asilimia 21 wakijiunga na mwonevu, na asilimia 25 wakimtetea anayeonewa. Mwonevu hatofautishi mtazamaji wa kimya na mshangiliaji. Kwake wote ni hadhira. Katika uchunguzi wao mwingine uliochapishwa 2001, wenzao walikuwepo katika asilimia 88 ya matukio, lakini waliingilia kati katika asilimia 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Anza kwa kuondoka. Ondoka na mwenzako mmoja, msimwachie hadhira. Siku nyingine mwiteni anayezomewa kwa jambo la kawaida, "Njoo, tunakusubiri", mwondoke naye; huhitaji kumjibu mwonevu hata neno. Baadaye mwambie faraghani kwamba umeona na hukupenda. Kisha mwambieni mtu mzima mkiwa wawili au watatu, mkitaja siku na mahali.

SWALI: Mjukuu anauma

Mjukuu wangu wa miaka 3 anapiga na kuuma wenzake. Je, atakuwa mkatili? — Bibi

JIBU: Shikamoo bibi. Uwezekano mkubwa ni kwamba hapana. Richard Tremblay wa Montréal, aliyewafuatilia watoto kwa miaka mingi, aliona kwamba binadamu hupiga na kuuma zaidi kuliko wakati wowote wa maisha yake akiwa kati ya miaka 2 na 4, kisha hupungua kadiri lugha na kujizuia vinavyokua. Mtoto hafundishwi kupiga, hufundishwa kutopiga. Mshike mkono kabla haujafika, sema "Hatuumi", mpe neno la kutumia ("Nipe zamu"), na mhudumie kwanza aliyeumwa. Akifika miaka 6 au 7 bado anapiga nyumbani na shuleni pia, tafuta mtaalamu.

SWALI: Nimnyang'anye simu?

Binti yangu anatukanwa kwenye kundi la darasa mtandaoni. Nifute akaunti zake? — Mzazi

JIBU: Hapana. Utamwadhibu anayeonewa, na siku nyingine hatakuambia. Piga picha ya skrini yenye jina, tarehe na saa kabla ujumbe haujafutwa, kisha zuia akaunti husika. Na uende shuleni, maana huenda chanzo kiko huko. Andrew Przybylski na Lucy Bowes walichambua majibu ya vijana zaidi ya 110,000 wa miaka 15 nchini Uingereza, yakachapishwa 2017: takriban asilimia 30 walikuwa wakionewa mara kwa mara, lakini walioonewa mtandaoni peke yake hawakufika asilimia 1.

SWALI: Tutumie fedha wapi?

Shule yetu imepata fedha kidogo za kupambana na uonevu. Wengine wanataka mzungumzaji maarufu aje, wengine sheria ya kufukuza kosa la kwanza. — Mkuu wa shule

JIBU: Mwalimu mkuu, hotuba ya siku moja huisha siku ileile. Na sheria ya kufukuza mara moja ilichunguzwa na jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, likaripoti mwaka 2008 kwamba haikuzifanya shule kuwa salama zaidi. Ina kasoro nyingine: watoto wakijua kwamba kusema kutamfukuzisha mwenzao, hawatasema.

Maria Ttofi na David Farrington walipochambua mipango 44 mwaka 2011, kwa wastani uonevu ulipungua kwa asilimia 20 hadi 23. Mipango iliyofanya vizuri ilikuwa ya muda mrefu, yenye mikutano ya wazazi na usimamizi mkali wa viwanja wakati wa mapumziko. Ile iliyowatumia wanafunzi kama wasuluhishi wa uonevu haikusaidia.

Anza na dodoso lisilo na majina: uonevu umetokea mara ngapi tangu muhula uanze, wapi, nani alijua. Chora ramani ya shule, kila mwanafunzi atie alama mahali asipojisikia salama. Panga walimu wa zamu kwa ramani hiyo, si kwa mazoea. Mwalimu wa zamu azunguke. Akiketi chini ya mti na mwenzake, hataona kitu. Katika rekodi za viwanjani za Craig na Pepler, walimu waliingilia asilimia 4 tu ya matukio, na hilo halikuwa kwa sababu ya kutojali: matukio ni mafupi na hufanyika kwa kificho.

Kwa wanafunzi wakubwa badilisha njia. David Yeager na wenzake waliona mwaka 2015 kwamba mipango inayofaa kwa wadogo hupoteza nguvu kuanzia takriban darasa la 8. Vijana hawapendi kuhubiriwa. Elizabeth Levy Paluck na wenzake walijaribu jingine katika shule 56 za New Jersey, wakachapisha 2016: kikundi kidogo cha wanafunzi kilisaidiwa kuongoza upinzani dhidi ya ugomvi kwa njia zao wenyewe, na taarifa za nidhamu zikapungua kwa asilimia 30 ndani ya mwaka. Matokeo yalikuwa bora pale kikundi kilipokuwa na wanafunzi wengi ambao wenzao huwatazama. Hao hawapatikani kwa kuwauliza walimu, maana watawataja watiifu. Waulize wanafunzi wote majina ya wenzao 10 wanaopenda kukaa nao, kisha hesabu.

Rudia dodoso mwaka ujao, mwezi uleule. Na idadi ikishuka, watafute kwa majina wachache waliobaki. Tafiti zimeonyesha kwamba anayeonewa katika darasa lililotulia huumia zaidi kuliko anayeonewa katika darasa lenye wengi kama yeye: akitazama kushoto na kulia hamwoni mwenzake, anahitimisha kwamba tatizo ni yeye.